Ugomvi Uliotiwa Muziki

Kabla sinema hazijaanza kusema, mtu aliyetakiwa kulia mbele ya kamera alihitaji kusaidiwa. Studio yetu pale Hollywood ilikuwa na watu wawili wa kazi hiyo. Anselm Dreher alipiga fidla, na Leota Gammill alipiga kinanda kidogo cha kukunja, chenye mvukuto wa kukanyaga kwa miguu. Walikaa nyuma ya kamera kwenye viti vya turubai wakimpigia mwigizaji mpaka machozi yamtoke. Sauti yao haikuingia popote, maana filamu ilikuwa bubu; ilikuwa kwa ajili ya yule anayelia tu. Nimemwona kwa macho yangu mwanamume aliyezoea kucheza majambazi, shingo kama ya fahali, akilia kama mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu Anselm alivuta uzi mmoja polepole.

Mimi nilikuwa mshonaji wa mavazi. Nguo hupasuka pale pale isipotakiwa kupasuka, kwa hiyo kila penye kamera nami nilikuwepo na pini zangu, na hawa wawili niliwajua kuliko walivyojijua wenyewe.

Leota alikuwa binti wa mchungaji wa Kansas, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, aliyeanza kupiga kinanda kanisani kwa baba yake miguu ikiwa bado haifiki chini. Anselm alitoka Milwaukee, kwenye ukoo wa waoka mikate wa Kijerumani. Mfupi, mnene kidogo, masharubu yamechanwa kila unywele mahali pake. Wote walikuwa wameshavuka arobaini na hakuna aliyeoa wala kuolewa. Miaka minane walikaa bega kwa bega, na sikuwahi kuwakuta wakikubaliana juu ya jambo lolote. Anselm akisema kuna joto, Leota hufunga vifungo vya koti. Leota alidai Anselm hukimbia wimbo kama mtu anayewahi treni. Anselm alidai Leota hukanyaga mvukuto kama mtu anayeua mende. Leota hakuvumilia harufu ya vitunguu vibichi ambavyo Anselm alipenda kutia kwenye mkate wake. Aliyasema hayo kila siku ya Mungu, na kila siku ya Mungu alikaa kiti kile kile, upande ule ule ambako upepo ulimletea vitunguu.

Wasichana wa dansi waliwaita Bwana na Bibi. Leota alipopata habari hiyo aliniambia, huku akikunja kinanda chake kwa hasira, kwamba heri aolewe na mvukuto.

Basi, sinema zikaanza kusema. Mambo yakageuka juu chini kwa muda mfupi kuliko ninavyoshona pindo. Maikrofoni ililetwa, nasi tukafundishwa kunyamaza. Taa nyekundu ikiwaka, hakuna kukohoa wala kuburuta kiti, na feni zilizimwa hata kama watu wanayeyuka. Mavazi yangu yote ya hariri ngumu yalikataliwa, maana msichana akitembea yalisikika kama majani makavu ya mahindi. Nikashona upya kwa vitambaa laini na kubandika manyoya chini ya viatu. Na wapiga muziki wa machozi wakaambiwa kazi yao imekwisha, maana utapigaje fidla nyuma ya kamera wakati kamera sasa ina masikio?

Kilichowaokoa ni nyimbo. Watu walitaka kuona mapenzi, wacheke, na katikati ya kicheko mtu aanze kuimba bila sababu. Studio yetu nayo ikaamua kutengeneza filamu ya namna hiyo. Kisa chake kilikuwa chepesi kama mkate wa sukari. Msichana anauza kofia, kijana anauza piano duka la pili, na kati yao kuna ukuta mwembamba. Kijana anapiga piano mbio mbio, msichana anashindwa kufuatisha wimbo anaoimba akipanga kofia, anagonga ukuta kwa mpini wa ufagio. Wanagombana kwa ukuta kabla hawajaonana sura. Baadaye msichana anahamishiwa mtaa mwingine, ndipo kijana anagundua kwamba kile kimya ni kirefu mno.

Kwa nyimbo hizo palihitajika okestra pembeni mwa jukwaa, na Anselm akapata kiti. Leota hakupata. Kinanda chake kilipojaribiwa, fundi wa sauti alitoka kwenye kibanda chake akauliza nani ameingiza mbuzi mwenye pumu. Wakampa Leota piano katika chumba cha nyuma amfundishe kuimba nyota wetu, Ione Delacourt, binti mwema aliyecheza dansi kama unyoya lakini asiyeweza kuipata noti yake ya kwanza hata ukimmulikia kwa taa.

Kwa hiyo wakatenganishwa. Leota aliniambia kwamba hatimaye anapumua. Siku hiyo hiyo Anselm alikuja nimkazie kifungo akaniambia maneno hayo hayo. Ila mchana Leota alianza kula kwenye benchi nyuma ya karakana ya maseremala, ambako hakuwahi kula, akidai ni kwa ajili ya jua. Anselm naye akagundua jua hilo. Ugomvi ambao zamani waliugawa kutwa nzima sasa ukabanwa kwenye saa moja ya chakula, na ukawa mtamu kwa sisi wasikilizaji kama mchuzi uliochemka ukabaki mzito.

Wakati huo filamu ilikuwa imekwama. Mahali penyewe palikuwa pale kijana anapomfuata msichana kwenye duka jipya kumwambia moyo wake. Aliyeandika maneno yale alikuwa mtu wa zamani za sinema bubu, mwigizaji alipofumbua mdomo tu na mtazamaji akajazia mwenyewe. Rex Tolliver, aliyecheza kijana, akapiga goti akaanza kumwita Ione nuru ya macho yake, sijui nyota ya usiku wake, sijui umande wa nini. Mafundi wa taa juu ya ngazi wakaangua kicheko, mmoja nusura aangushe taa. Rex alikuwa mzuri kama sanamu, lakini ana moyo, akaenda kujifungia chumbani.

Mwongozaji, Bwana Ludlow Varick, akamwita Sol Wechsler. Huyu alikuwa mwandishi wa tamthilia aliyeletwa kutoka New York, mtu wa makamo, kichwa kipara, aliyekwisha kuachana na wake watatu. Alimwambia Varick waziwazi kwamba anajua watu wanavyoagana; wanavyokutana ndipo hapajui. Varick akamjibu kwamba hilo si shida yake, maneno anayataka kabla ya juma kwisha. Wechsler akaandika, akachana, akaandika, akachana. Siku moja mchana akaacha vyote, akaja kulala kwenye ncha ya benchi la maseremala, kofia imefunika uso.

Mimi nilikuwa nimeketi upande huu na mkate wangu wa nyama baridi. Leota alikuja, kisha Anselm. Wakadhani Wechsler amelala. Kunihusu mimi, walishazoea kunichukulia kama sehemu ya benchi.

"Umekonda," Leota alianza, kwa sauti ya kumshtaki.

"Sijakonda. Suruali imepanuka."

"Suruali haipanuki, Bwana Dreher. Nami nakwambia, huko ndani ninastarehe. Hakuna anayenisukuma kwa kiwiko."

"Na mimi nimepewa jirani mtulivu. Anapiga fidla yake, hakanyagi kitu."

"Anajua kwamba ukifika katikati ya wimbo unaanza kukimbia?"

Anselm alitafuna kwanza. "Hajui."

"Basi nani anakurudisha?"

"Hakuna. Nafika mwisho wa wimbo peke yangu, nakaa pale nawasubiri wenzangu."

Leota aliacha kula, nami nikaacha kutafuna. Alikuwa akiuangalia mkate wake kana kwamba umeandikwa kitu.

"Ndiyo maana nilikuwa nakanyaga kwa nguvu," akasema. "Ili unisikie."

"Nilikuwa nakusikia."

"Sasa mbona hukupunguza?"

"Ningepunguza, ungeacha kukanyaga."

Kengele ikalia. Wakainuka. Leota akamkung'uta makombo kwenye kola, akamwambia ananuka vitunguu mpaka huko Kansas wanasikia, kila mmoja akaenda zake.

Kofia ya Wechsler ilikuwa imeshainuka, na macho yaliyokuwa chini yake hayakuwa ya mtu aliyelala. Akaniuliza kama wale wawili wameoana. Nikamwambia la. Akauliza kama wanajua. Nikamwuliza wanajua nini, lakini alikwishaondoka mbio, akaacha chakula chake chote kwa shomoro.

Siku ya kupiga picha ile, jukwaa lilikuwa zuri hata mimi niliyeshona nusu yake nilisimama kulitazama. Duka la kofia, rafu juu ya rafu, kofia za manyoya, za maua, za majani ya ukindu, na maikrofoni imefichwa ndani ya kofia kubwa ya zambarau iliyoning'inizwa juu ya kaunta. Okestra ilikaa pembeni, nje ya macho ya kamera. Mimi nilijificha nyuma ya rafu na pini zangu, na Leota alisimama pamoja nami, maana Ione aliomba awe karibu amnong'onezee noti ya kwanza kabla ya taa kuwaka. Utaratibu ulikuwa hivi: Rex na Ione wazungumze, Rex aseme neno lake la mwisho, halafu fidla moja ianze wimbo. Fidla hiyo ilikuwa ya Anselm. Maneno mapya walipewa waigizaji asubuhi ile ile. Sisi wengine hatukuwa tumeyasikia.

Taa nyekundu ikawaka.

Rex aliingia dukani, hakupiga goti. Alisimama akizungusha kofia mkononi. Ione akamwambia amekonda. Rex akasema suruali imepanuka.

Leota alinishika mkono, na kwa kuwa mkono huo ulikuwa na pini, nilichomwa vibaya sana na sikuweza hata kusema aa. Nilimtazama. Uso wake ulikuwa mweupe, kisha mwekundu. Nikachungulia upande wa okestra. Anselm alikuwa ameinua upinde tayari, na masikio yake yalikuwa yameiva kama nyanya. Siku nyingine mmoja wao angeondoka, au wangecheka, au wangeanza kugombana ili yapite. Lakini taa ilikuwa inawaka, na hakuna aliyeruhusiwa hata kumeza mate kwa sauti. Ikabidi wabaki pale, mmoja huku na mwingine kule, wasikilize walivyoambiana.

Ione aliuliza nani anamrudisha akikimbia. Rex akasema kwamba hufika mwisho wa wimbo peke yake, akawasubiri wengine ambao hawapo. Ione akasema ndiyo maana alikuwa akigonga ukuta. Yalikuwa maneno ya benchini kabisa, isipokuwa mvukuto ulikuwa umegeuka ukuta. Na sasa, yakitoka kwenye midomo ya watu wengine, wazuri, waliopakwa poda, yalisikika jinsi yalivyokuwa tangu mwanzo. Hata fundi wa taa juu ya ngazi aliinamisha kichwa.

Kisha Rex akasema lile la mwisho, ambalo Wechsler alilitunga mwenyewe: "Rudi unigongee ukuta mpaka nizeeke."

Hapo ndipo fidla ilipotakiwa kuanza. Haikuanza. Kiongozi wa okestra alimwashiria Anselm kwa kijiti, mara ya kwanza, mara ya pili. Upinde ulibaki hewani. Halafu Anselm akasimama.

"Hilo la mwisho sikulisema mimi," alisema.

Alilisema wazi, mbele ya maikrofoni, katikati ya picha. Bwana Varick aliinuka taratibu kwenye kiti chake. Alikuwa mtu wa kupiga kelele, lakini sasa aliuliza kwa sauti ya chini sauti ile ni ya nani, na hiyo ilitutisha zaidi.

"Ni yangu, bwana," Anselm akasema. "Hayo mengine ni yangu na ya Bi Gammill, tuliyasema nje kwenye benchi. Hatuyadai. Lakini hilo la mwisho sikulisema, na lilikuwa langu kulisema."

Wechsler aliyekuwa nyuma ya mwongozaji alianza kuteremka kwenye kiti chake mpaka kikabaki kipara tu. Nami nikahisi mkono wangu umeachiliwa. Leota alikuwa ametoka nyuma ya rafu, akapita kati ya Rex na Ione kama mtu anayekatiza kanisani, akasimama mbele ya okestra.

"Basi liseme," akamwambia. "Usiseme la Bwana Tolliver. Sema lako."

Anselm aliitazama fidla, halafu akaiweka chini kwenye kiti, jambo ambalo wapiga fidla hawapendi kulifanya.

"Bi Gammill," akasema. "Huyu jirani yangu anapiga vizuri. Sitaki kukaa naye. Nataka kukaa na wewe. Vitunguu nitaacha."

"Vitunguu usiache, nimeshavizoea. Mwendo ndio upunguze."

"Hiyo ni ndiyo?"

"Ni ndiyo, Anselm."

Miaka yote ile hakuwahi kumwita kwa jina lake. Anselm akamshika mikono yote miwili, na mpiga tarumbeta mmoja, Mungu ambariki, akapuliza mlio mfupi ambao sidhani aliukusudia. Mafundi wakapiga makofi huko juu. Ione alikuwa analia, poda yote inachuruzika, na kazi yangu ya dakika zilizofuata ikawa kumkausha huku nami mwenyewe sioni vizuri. Rex alimbusu Leota mkono kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa nyota yeyote.

Tukamgeukia Varick. Picha ilikuwa imeharibika, na watu walishafukuzwa kwa kupiga chafya. Lakini kabla hajasema, fundi wa sauti alitoka kibandani akipenga kamasi, akasema kwamba mtambo wake haukuzimwa na umeyachukua yote. Varick akaamuru ayasikie. Tukamsubiri mlangoni pa kibanda. Alipotoka aliwaambia Rex na Ione kwamba wamesikia mtu anavyoomba mke, basi waombe hivyo hivyo. Akamwambia Wechsler atoe lile neno lake la ukuta na uzee. Wechsler alikubali kwa furaha. Alisema kutunga ni kuzuri lakini kuokota ni kuzuri zaidi. Tulipopiga upya, Rex alisema piano ataacha, Ione akasema piano asiache, mwendo ndio apunguze. Leota aliulizwa kama ana kinyongo kwa kuchukuliwa maneno yake. Akasema anacho, na dawa yake ni moja: arudishiwe kiti chake. Fundi wa sauti aliguna sana, lakini kinanda kiliingizwa kwenye okestra, kikafunikwa blanketi nene, na Leota akaketi upande wa vitunguu.

Walifunga ndoa Jumamosi mchana katika kanisa dogo karibu na bustani za michungwa. Mchungaji Gammill alikuja kwa treni kutoka Kansas akiwa amejiandaa kukutana na kizazi cha Sodoma. Alikuta wasichana wa dansi wamejaa viti vya mbele, kila mmoja na kofia niliyomwazima kutoka jukwaani, wakiimba tenzi kwa sauti nne bila kitabu. Mzee alifungisha ndoa, akala keki vipande viwili, na jioni alinivuta pembeni akaniuliza kama kofia moja iliyopambwa matunda ya cheri inaweza kumfaa mkewe. Nilimfungia kwenye boksi akaondoka nayo.

Filamu ilipotoka hatukwenda siku ile ya magari makubwa na taa za kumulika angani. Tulikwenda baadaye, Jumamosi mchana, katika ukumbi wa kawaida katikati ya mji wa Los Angeles, mimi na Bwana na Bibi Dreher. Kazi zilikuwa zimeanza kuadimika mwaka ule. Mshonaji huona mambo hayo kwanza kwenye viwiko, na ukumbini mle koti lenye viwiko vizima lilikuwa la kutafuta. Watu waliingia wamechoka, wakaketi kama mizigo.

Ilipofika pale pa suruali kupanuka, ukumbi mzima ulicheka, na kilikuwa kicheko cha mtu aliyeguswa, si kile cha mafundi juu ya ngazi. Bibi mmoja mbele yetu alimgusa mumewe kwa kiwiko akamwambia kitu sikioni. Kisha fidla ikaanza, na kinanda kikaingia chini yake, kikihema, na Ione akaipata noti yake. Leota alikaa wima kama yuko kanisani kwa baba yake. Anselm alikuwa akihesabu mapigo kwa kidole juu ya mkono wa mkewe. Mwisho Rex na Ione walicheza dansi juu ya kaunta, kati ya kofia, wasichana wote wakaingia kwa milango yote, na mtu akaweza kuamini kwa muda kwamba kila ukuta mjini una mtu mwema upande wa pili.

Tulipotoka nje jua bado lilikuwa kali. Watu walitawanyika barabarani wakiuimba ule wimbo midomo imefungwa, wengine wakiupiga mluzi. Anselm akaanza kukasirika, kwamba wote wanaukimbiza.

"Wameusikia kwako," Leota alimwambia.

Kwenye kituo cha tramu palikuwa na jamaa mmoja mnene, mwenye koti lililotiwa viraka, pamoja na mkewe aliyebeba kikapu cha sokoni. Yule bwana alikuwa akiimba chini chini. Ghafla akamshika mkewe kiuno, akamzungusha pale pale kwenye ukingo wa barabara, hatua mbili huku, hatua mbili kule. Mkewe alikuwa akimwambia aache, watu wanawatazama, lakini miguu yake ilikuwa imeshaupata mwendo. Kikapu kikainama, kabichi tatu zikabingirika hadi kwenye reli. Hawakusimama. Sisi watatu tukaingia barabarani kuziokota, Anselm akimwamuru yule bwana apunguze kasi, Leota akicheka mpaka kofia inamtoka, na tramu ikaja, ikatupigia kengele, ikaondoka bila sisi.